Mama, Mapaja Yako Si Kiti cha Gari

  Leo tuache kidogo mambo ya chanjo na uji, tuzungumze juu ya ile safari yenyewe ya kwenda kliniki.

Hapa Isinya tumekaa kando ya barabara kuu ya Namanga. Ukienda hospitali Kajiado au soko la Kitengela, unapanda matatu, ama unabebwa na jirani mwenye gari. Na tangu serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, boda boda imefika hadi mlangoni. Safari zimekuwa rahisi. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kinachoua watu wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani, hata malaria.

Labda unasema, "Mimi humshika mtoto wangu sawasawa." Sikiliza, mama. Gari la kasi ya kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafula, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu ya mzigo wa zaidi ya kilo 200. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Mikono gani itayazuia? Na matatu huruhusiwa kwenda hadi 80.

Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza Februari 2004, zilitaka kila kiti cha matatu kiwe na mkanda. Wengi wetu huukalia. Tunasema ni mchafu, na kweli mara nyingi ni mchafu! Nguo itafuliwa. Jifunge.

Lakini usizungushe mkanda mmoja kwako na kwa mtoto pamoja, kwa maana mwili wako utamkandamiza. Jifunge wewe kwanza, mkanda ukae chini nyongani, kisha mfunge mchanga kifuani kwa leso, juu ya mkanda. Leso haifikii kiti maalum cha mtoto. Anayeweza kukaa peke yake mlipie kiti, naye afungwe nyongani, si tumboni. Najua nauli inauma, hasa ukiwa na wawili. Patana na makanga kabla ya kupanda. Mjamzito, pitisha mkanda chini ya tumbo.

Katika gari la nyumbani, mtoto akae nyuma kwenye kiti chake. Kumpakata mbele kando ya dereva ni hatari kubwa. Boda boda nayo haina mkanda kabisa. Ikiwa kuna njia nyingine, mtoto asiipande.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuharisha. Kwaheri.