Kusoma Sukari ya Mbwa au Paka Nyumbani: Nambari Moja Haitoshi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wanaofuga wanyama wenye kisukari



Mbwa au paka mwenye kisukari anaweza kupimwa nyumbani kwa tone moja la damu kutoka ukingo wa sikio. Kupima kwenyewe huzoeleka upesi. Ugumu uko katika kusoma nambari.

Chukulia mbwa anayedungwa insulini saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kabla ya sindano ya asubuhi mashine inaonyesha 18. Mwenye mbwa anashtuka na kutaka kuongeza dozi. Lakini hiyo 18 ni ya wakati ambapo insulini ya jana jioni imekwisha nguvu. Haisemi ilifanya nini usiku. Mbwa huyo huyo akipimwa saa saba mchana, huenda akaonyesha 4. Dozi ikiongezwa, saa saba ndiyo itakayomwangusha. Tena sukari ikishuka mno, mwili huweza kujitetea kwa kutoa sukari iliyohifadhiwa kwenye ini, na nambari ya baadaye ikapanda kupita kiasi. Mtu anaongeza dozi, kumbe ni dozi yenyewe inayoleta shida.

Ndiyo sababu daktari wa mifugo huomba vipimo vya siku nzima: kila baada ya saa mbili, tangu kabla ya sindano moja hadi nyingine, chakula kikiwa kile kile na kwa saa zile zile. Hutafuta hasa nambari ya chini kabisa. Ikiwa kati ya milimoli 5 na 8 kwa lita, kwa kawaida dozi inafaa. Ikishuka chini ya 4.5, daktari apigiwe simu kabla ya sindano inayofuata, kwani huenda dozi ikapunguzwa.

Mashine ya binadamu, ile ya duka la dawa, mara nyingi huonyesha nambari ndogo kuliko sukari halisi ya mnyama. Bado inasaidia, mradi daktari aambiwe ni mashine gani na isibadilishwe ovyo. Paka naye ana lake: akishikwa kwa nguvu, hofu pekee hupandisha sukari. Kipimo kilichopatikana kwa vita na makucha kiandikwe hivyo.

Mnyama akiyumba, akitetemeka, akilegea au akishikwa na kifafa, asiongezwe insulini. Apakwe asali au maji ya sukari kwenye ufizi, bila kumiminiwa kooni, kisha apelekwe kwa daktari hata akionekana amepona. Peremende zisizo na sukari zisitumiwe. Baadhi zina zailitoli, ambayo ni sumu kwa mbwa.

Nambari ziandikwe kwenye daftari pamoja na saa, chakula, dozi, uzito na maji aliyokunywa. Mbwa anayeacha kunywa maji kupita kiasi na kurudisha mwili ana habari njema ambayo mashine peke yake haiwezi kuitoa. Daftari hilo lipelekwe kwa daktari, hata kama kurasa nyingine zina mapengo.