Pumzi ya Mwenye Kazi

Somo: Mwanzo 2:7, Yakobo 5:4



Sisi wa Mwingi twalijua basi litokalo Nairobi. Hutuletea vijana wetu na unga na sukari. Mara nyingine hutuletea mtu asiyeweza kupanda mlima kwenda kwake bila kuketi njiani mara tatu.

Ushirika wetu ulikuwa na mzee wa namna hiyo. Alipasua mawe miaka mingi katika machimbo ya mbali. Alitibiwa kifua kikuu, akamaliza dawa, na pumzi haikurudi. Tulimwombea. Tulifanya harambee mara mbili, hata mbuzi wakauzwa. Lakini hatukumwuliza hata siku moja, "Mzee, ulifanya kazi gani, na kwa nani?" Wengine wetu tulinong'ona kwamba amerogwa. Mungu atusamehe. Tulimzika, na barua zake za kazi zikaliwa na mchwa.

Vumbi la mawe likishaganda mapafuni halitoki. Hukaza mapafu polepole, hata baada ya mtu kuacha kazi, nalo hukifungulia mlango kifua kikuu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya fidia ya walioumia kazini inahesabu pia magonjwa yaletwayo na kazi. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Hiyo si sadaka ya tajiri, wala si harambee. Yakobo asema ujira wa wavunaji ukizuiliwa, wenyewe hupiga kelele. Je, mtu aliyeacha pumzi yake kazini, ujira wake haujazuiliwa?

Huko Afrika Kusini, mwaka 2019, mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya kuwalipa wachimba dhahabu walioharibiwa mapafu kwa vumbi. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Jamaa zao ndio waliobaki kudai.

Basi wiki hii, tukimtembelea mgonjwa wa kifua, tuombe naye, kisha tumwulize habari za kazi yake. Tuandike jina la mwajiri na miaka. Daktari naye aambiwe, maana asipoambiwa atajuaje? Halafu tumsindikize mpaka ofisi ya serikali ihusikayo na usalama na afya kazini, tena mapema, kwa kuwa sheria ina muda wake wa kudai.

Tuombe. Ee Bwana, uliyempulizia mtu pumzi ya uhai, uwakumbuke usiku huu wale wanaolala wameketi kwa sababu ya kifua. Ututume kwao. Amina.