Kuhifadhi Msamiati kwa Msaada wa Simu

Yeyote aliyeazimia kujifunza lugha ya pili, iwe Kiarabu, Kifaransa au Kichina, hana budi kukabili maelfu ya maneno ambayo akili huyapokea leo kwa furaha na kesho ikayapoteza. Na jambo hili si dalili ya uzembe, kwani mtaalamu Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe na kuyachapisha matokeo mwaka 1885, alibainisha kuwa sehemu kubwa ya tulichohifadhi hutoweka katika saa za mwanzo, kisha upotevu ule hupungua kasi.

Dawa yake ni kulirejea neno kwa vipindi vinavyozidi kurefuka: baada ya siku moja, kisha siku kadhaa, kisha wiki, hata miezi. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza namna ya kufanya hivyo kwa kadi na sanduku lenye vyumba. Leo programu ya simu kama Anki hukuhesabia vipindi hivyo, ikikuletea mara kwa mara neno linalokutatiza na kuliahirisha lile ulilokwisha kulimiliki.

Nakusihini, hata hivyo, msiandike neno pweke kwenye kadi, bali sentensi nzima, na ikiwezekana mtie na sauti ya mwenye lugha. Kabla ya kuigeuza kadi, jitahidini kwanza kulikumbuka jawabu, maana juhudi ile ndiyo ilikazayo neno moyoni. Tena anzeni na maneno machache kwa siku, kwani kila kadi mpya ya leo ni deni la marudio katika wiki zijazo.