Usalama wa Mafundi Wanaokarabati Majengo Yetu
(Mada iliyotolewa na Padre mmoja katika semina ya viongozi wa walei iliyoandaliwa na Tume ya Haki na Amani)



Mlinipa mada ya haki ya mfanyakazi katika mafundisho ya Kanisa, na bila shaka mlitegemea nianze na Papa Leo wa Kumi na Tatu na waraka wake wa mwaka 1891. Nitafika huko, ingawa kwa muda mfupi. Nimeomba ruhusa ya kuipitia mada hii kwa njia ya jambo lililoko mlangoni petu, yaani ukarabati wa ukumbi wa zamani na madarasa mawili ya chekechea, ambao Halmashauri imepanga kuuanza baada ya mavuno. Nimeyasoma makisio. Kuna fedha za saruji, mbao, mabati na rangi. Kuna fedha za chakula cha vijana watakaojitolea. Kwa ajili ya mapafu ya vijana hao haikutengwa hata shilingi moja.

Siwalaumu walioyaandaa. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa paroko mahali pengine, nami niliandaa makisio ya namna hiyo hiyo, nikayatia sahihi. Tulikuwa na nyumba ya mapadre iliyojengwa na wamisionari, yenye milango mizito, nondo za madirisha zilizopakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na paa la asbesto lililokuwa limeanza kuota ukungu. Nilimwajiri fundi mmoja hodari, mtu mzima, mwenye wanafunzi wawili. Vijana wa VIWAWA wakaja kusaidia. Kwa muda wa majuma mawili walikwangua rangi kwa brashi za waya na msasa mkavu, na ilipogoma waliichoma kwa moto wa gesi hadi ikavimba na kumenyeka. Vumbi lilikuwa la kijani na la njano. Mama waliopika waliwaletea ugali humo humo ndani, nao wakala wakiwa wamekaa juu ya mbao zilizokwanguliwa. Paa walilishusha kwa nyundo. Vipande vizima niliwagawia waumini wajengee mabanda ya nguruwe, na siku ya Jumapili nikawashukuru wote mbele ya altare.

Fundi yule alianza kulalamika tumbo, maumivu ya kusokota yanayokuja na kwenda, pamoja na kufunga choo na kichwa kuuma. Alipewa dawa ya minyoo, kisha dawa ya malaria. Siwezi kuwaambia kwamba ilikuwa sumu ya risasi, kwa maana damu yake haikupimwa kamwe. Hakuna aliyemwuliza anafanya kazi gani. Hata mimi niliyekuwa mwajiri wake sikuuliza. Mwaka 1700 tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawahimiza waganga wamwulize kila mgonjwa swali moja zaidi, yaani kazi yake ni ipi. Zahanati zetu nyingi bado hazijalizoea swali hilo.

Baadhi yenu nimewaona mkitazamana niliposema risasi. Sizungumzii ya bunduki. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, nalo kwanza ni jina la madini, yale mazito na laini ambayo wavuvi hutia nyavuni kama chubwi. Watengenezaji wa rangi waliyapenda sana madini haya. Rangi nyeupe ya risasi ilifunika vizuri, ile nyekundu ilizuia kutu kwenye vyuma, na misombo mingine ya risasi ilitoa njano na rangi ya machungwa zenye kung'aa. Kwa sababu hiyo hatari kubwa zaidi kwa kawaida iko kwenye rangi za mafuta za milango, madirisha, mageti na nondo, kuliko kwenye rangi ya maji ya kutani. Wala tusidhani ni jambo la wamisionari peke yao. Uchunguzi wa asasi ya AGENDA hapa Tanzania umeonyesha kwamba baadhi ya rangi za mafuta zilizouzwa madukani katika karne hii nazo zilikuwa na risasi nyingi.

Rangi ikiwa imetulia ukutani, nzima, haimdhuru mtu. Madhara huanza tunapoiamsha. Msasa mkavu huigeuza kuwa unga mwembamba unaovutwa na pumzi, na moto huigeuza kuwa moshi ambao jicho halioni. Ikiingia mwilini, sehemu kubwa huenda kujificha mifupani, nayo hukaa huko miaka na miaka. Mama aliyeibeba tangu usichana wake aweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Kwa mtu mzima huleta upungufu wa damu, shinikizo la damu, figo kuharibika, mikono kulegea. Kwa mtoto hudhuru ubongo, naye hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichokula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Tena magamba ya rangi hiyo yana utamu. Na kumbukeni tunachotaka kukarabati: chekechea.

Paa la ukumbi wetu ni jambo jingine. Watu huita mabati ya asbesto, ingawa si bati. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za jiwe. Likiwa zima laweza kukaa bila kumdhuru mtu, lakini likikatwa, likitobolewa au kuvunjwa kwa nyundo hutoa nyuzi ndogo kuliko unywele, ambazo huzama mapafuni na hazitoki. Ugonjwa huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza: mapafu kukakamaa, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka. Kijana wa miaka 18 aliyenishushia paa lile atakuwa baba wa watu wakati jibu litakapotoka. Katika nchi za viwanda wamekufa hata wake wa mafundi ambao kosa lao lilikuwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao. Nawaomba mama wa WAWATA mlishike hilo.

Yapo na mengine, nitayapita haraka. Vumbi la kukata vigae, matofali na zege lina silika, ile ile inayowamaliza wachimbaji wa migodini, nayo humwandaa mtu kupata kifua kikuu. Mbao za zamani zilizotiwa dawa zaweza kuwa na aseniki, kwa hiyo zisichomwe jikoni. Chini ya sakafu za zamani kulimwagwa dawa za mchwa kama aldrini na dieldrini, ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziorodhesha miongoni mwa sumu za kukomeshwa. Udongo wa huko usipelekwe bustanini.

Sasa nifungue Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, ili mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Angalieni, Mungu hamwambii anayepanda darini awe mwangalifu. Anamwambia mwenye nyumba ajenge kizuizi, tena kabla mtu yeyote hajaanguka. Mara ngapi tumemwambia fundi, "Kaka, uwe mwangalifu," tukadhani wajibu wetu umekwisha?

Ipo sehemu nyingine ambayo, nakiri, nilikuwa naipita upesi kila nilipoifikia: Walawi, sura ya 14, juu ya nyumba yenye pigo ukutani. Nisingependa kuitumia kana kwamba Musa alijua kemia. Lakini utaratibu wake unashangaza. Kuhani anaamuru nyumba itolewe vyombo vyote kabla hajaingia kuitazama. Nyumba inafungwa. Baadaye kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, na ule udongo uliokwanguliwa hautupwi nyuma ya jiko, bali unapelekwa nje ya mji mahali maalumu. Aliyelala au kula ndani ya nyumba hiyo sharti afue nguo zake. Fundi wa leo aliyefunzwa vizuri kuondoa rangi ya risasi hufanya karibu hayo hayo: hutoa vyombo, hufunga mahali pa kazi, hakusanyi watu, hali chakula humo, hufua nguo zake peke yake, na takataka huzipeleka panapostahili. Na aliyepewa jukumu la kusimamia ni kuhani. Mimi nilikuwa kuhani wa nyumba ile, na jukumu hilo sikulitimiza.

Kanisa halikunyamaza kuhusu jambo hili. Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye wakati wa vita alifanya kazi katika machimbo ya mawe na kiwandani, aliandika mwaka 1981 katika Laborem Exercens kwamba miongoni mwa haki za mfanyakazi ni mazingira ya kazi yasiyoharibu afya ya mwili wake. Aliiita haki. Mwenye haki hangojei huruma yetu. Nalo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1921 mkataba juu ya rangi nyeupe ya risasi, likazuia kuipaka ndani ya majengo, na kukataza vijana wa kiume wa chini ya miaka 18, pamoja na wanawake wote, kuajiriwa katika upakaji wa viwandani unaoitumia. Ni zaidi ya miaka 100 sasa, na bado orodha ya watakaojitolea ukumbini ina vijana wa kidato cha pili. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umefanya kazi tangu 2015. Lakini kibarua wa siku, aliyeitwa kwa simu na kulipwa mkononi jioni, mara nyingi jina lake halimo katika daftari lolote. Akiugua, hana pa kuanzia.

Najua mtaniuliza: Baba, fedha tutatoa wapi? Ni swali la haki, kwa kuwa parokia hii si tajiri. Lakini sehemu kubwa ya ninayoomba ni maji na subira. Rangi ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, kwa msasa wa maji. Moto usitumike. Sakafu itandikwe nailoni nzito, jioni ikunjwe pamoja na uchafu wake. Pasifagiliwe pakavu, papigwe deki kwa maji na sabuni, na matambara yake yasirudi jikoni. Pawekwe ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na mtu asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa mikono na uso. Nguo za kazi zibaki kazini, na zifuliwe mbali na nguo za watoto. Penye rangi iliyo nzima, pengine hatuna haja ya kuikwangua kabisa. Yaoshwe na kupakwa rangi mpya juu yake.

Gharama yenyewe ni barakoa. Kitambaa, au ile ya hospitali tuliyoizoea wakati wa korona, haizuii vumbi hili. Inahitajika ile yenye chujio, inayobana uso, na kwa asbesto yahitajika ya daraja la juu zaidi. Tukizinunulia watu sita badala ya kukusanya vijana arobaini, hesabu inawezekana. Kazi itachelewa. Jubilei ya parokia itatukuta na ukumbi usiokwisha, na mimi niko tayari kumweleza Baba Askofu sababu.

Kuhusu paa, pendekezo langu ni gumu zaidi: tusiliguse mwaka huu. Likishushwa bila utaratibu ni hatari kuliko likiachwa. Tuwaone kwanza OSHA na watu wa mazingira wa halmashauri ya wilaya, watueleze lishushwe na nani, na lizikwe wapi. Siku itakapofika, liloweshwe, skrubu zifunguliwe moja moja, mabamba yashushwe mazima kwa mkono, yafungwe kwa nailoni mara mbili. Asipewe mtu hata kipande, hata akiomba kwa machozi. Wale niliowagawia kule nilikokuwa nimewaandikia barua kupitia paroko wa sasa. Wawili wamejibu. Mmoja ananiambia banda alikwisha kulivunja, na vipande alivitwanga akavimwaga njiani kuziba matope, njia ambayo watoto hupita kwenda shule.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba makisio yarudishwe mezani kabla ya kikao cha Jumamosi. Magamba ya rangi kutoka milango ya chekechea nimekwisha kuyatia katika mifuko mitatu, nayo yatapelekwa kupimwa. Hadi majibu yatakaporudi, naomba mwalimu mkuu awahamishie watoto chini ya mwembe.