Bati Halifuliwi kwa Macho Peke Yake

Msikilizaji wa Ikola na mwambao wa Ziwa Tanganyika, video za simu zinaweza kukufundisha kukunja na kufua bati, ila kwa nusu tu. Huonyesha nyundo inapotua na mpangilio wa hatua, nawe unaweza kuzirudia mpaka uelewe. Hazikupi uzito wa pigo. Bati linalopigwa mno hukakamaa, kisha hupasuka. Fundi mzoefu huhisi hilo mkononi kabla ufa haujaonekana.

Wapo watakaosema mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, wengi wao hawakupita darasani. Ni kweli, lakini walikaa karibu na fundi aliyewasahihisha. Wengine watasema chuo cha ufundi kiko mbali na ada ni mzigo. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Basi anza na vipande vya debe kuukuu, vaa glavu, wala usichome bati la kuezekea lenye zinki, kwani moshi wake hudhuru. Kisha peleka kazi yako kwa fundi aikosoe.