Chakula cha Paka Kilichobaki Kipewe Mtu, Kisimwagwe Mahali

Mazungumzo kwa wakazi wa Thika na Ruiru wanaofuga paka



Mazungumzo haya yanahusu jambo linaloonekana dogo: mfuko wa chakula cha paka unaobaki jikoni baada ya paka mwenyewe kushindwa kukila. Zamani jambo hili halikusumbua nyumba nyingi. Paka alikula ugali uliochanganywa na omena, au mapafu yaliyochemshwa kutoka kwa bucha, na alichobakisha kuku walikimaliza. Siku hizi, katika mitaa kama Membley, Kihunguro, Ngoingwa na Makongeni, wako wakazi wanaoishi kwenye ghorofa na paka wasiotoka nje, na chakula cha paka hao hununuliwa kwenye agroveti au supamaketi. Ni chakula cha bei. Kikibaki, mwenyewe huona uchungu kukitupa.

Sababu za kubaki ni nyingi. Paka mzee anaweza kupatikana na ugonjwa wa figo, na daktari akaagiza chakula kingine kuanzia siku hiyo. Paka dume anaweza kuziba mkojo, akawekwa kwenye chakula maalumu. Mwingine hutapika au hujikuna kila akila chakula cha aina fulani. Mtoto wa paka hukua, akaacha chakula cha watoto. Na wakati mwingine paka hufa, akaacha nusu mfuko na sahani yake.

Chukua mfano wa familia iliyonunua mfuko wa kilo mbili, ukafunguliwa Jumamosi, na Jumanne daktari akasema paka asiuguse tena. Familia hiyo hushawishika kufanya mojawapo ya mambo matatu, na yote yana madhara.

La kwanza ni kumlazimisha paka amalize mfuko kabla ya kubadilishiwa. Watu husema, "Akisikia njaa atakula tu." Kwa mbwa mzima, pengine. Kwa paka, maneno hayo ni hatari. Paka asipokula kwa siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili wake huanza kujaa kwenye ini, naye anaweza kufa kwa ugonjwa huo wa ini hata kama ule wa mwanzo ulikuwa mdogo. Paka mwenye figo mbovu naye huumia zaidi kila siku anayoendelea na chakula alichokatazwa. Gharama ya kumtibu itazidi bei ya mfuko. Pale ambapo daktari hajaagiza mabadiliko ya mara moja, chakula kipya huchanganywa na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Zaidi ya hapo, mfuko wa zamani hauna kazi tena katika nyumba hiyo.

La pili ni kumwaga chakula nje ya geti, au kando ya jaa la ploti, ili paka wa mtaani wajipatie. Nia ni njema. Lakini chakula kilichomwagwa hakijui paka. Panya huja. Mbwa wasio na mwenyewe huja, na wakikutana kwenye chakula hupigana mahali ambapo watoto wanapita kwenda shule. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya, na ndiyo maana taifa lilijiwekea mpango wa kukimaliza kuanzia mwaka 2014 hadi 2030. Paka pia huambukizwa na huambukiza. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo bila kungoja dalili.

Tena paka jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tisa hivi na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Chakula kikimwagwa bila mtu wa kuwahasi paka hao, baada ya miezi michache kutakuwa na paka wengi kuliko chakula. Hapo ndipo majirani huanza kulalamika, na kuna wanaofikia kutega sumu. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na sumu iliyotegewa paka inaweza pia kumfikia mtoto au kuku wa jirani.

La tatu ni kupeleka mfuko kijijini na kuuchanganya na chakula cha ng'ombe ili usipotee. Jambo hili linahitaji kusemwa wazi, maana Kiambu ni kaunti ya ng'ombe wa maziwa. Chakula cha paka hutengenezwa kwa nyama, samaki na mabaki ya machinjioni. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawapaswi kulishwa vitu hivyo. Uingereza ilijifunza kwa njia ngumu. Mwaka 1986 ugonjwa wa ng'ombe kichaa ulitambuliwa huko, na uchunguzi ukaonyesha kwamba ulienezwa na unga wa nyama na mifupa uliotiwa kwenye chakula cha ng'ombe. Mwaka 1988 nchi hiyo ikapiga marufuku kuwalisha ng'ombe unga huo, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba ugonjwa kama huo umewapata binadamu. Hiyo haimaanishi kwamba mfuko wa agroveti una ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba mipaka ya nani ale nini iliwekwa kwa sababu. Nusu mfuko wa chakula cha paka hautoshi kuhatarisha ng'ombe anayelipa karo.

Basi chakula hicho kiende wapi? Jibu fupi ni hili: kiende kwa mtu mwenye paka. Kipewe mtu, kisimwagwe mahali. Anayekipokea atajua ni paka wangapi wanakula, atakihifadhi, atatazama kama paka anatapika, na ataondoa sahani wakishiba.

Katika Thika na Ruiru watu hao hawako mbali. Wa kwanza ni wafanyabiashara wa nafaka sokoni na wenye posho mili. Wengi wao hufuga paka kwa ajili ya panya, na Waswahili walishasema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Wapo wanaoamini kwamba paka akilishwa vizuri ataacha kuwinda. Sivyo. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, na chakula cha uhakika humfanya abaki kwenye stoo badala ya kutangatanga. Wa pili ni mabawabu wa magodauni na wa shule, ambao mara nyingi hugawana chakula chao na paka wa hapo. Wa tatu ni majirani wenye paka. Ujumbe mmoja kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, au neno moja kwa keateka, humpata jirani huyo kabla ya jioni. Wa nne ni kliniki za wanyama na agroveti, ambazo huwajua wateja wanaolea paka waliookotwa. Mwisho ni mashirika ya kutunza wanyama. Linalojulikana zaidi ni KSPCA la Nairobi, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1910. Kwa mkazi wa Thika au Ruiru huo ni mwendo mrefu, kwa hiyo ni busara kupiga simu kwanza na kuuliza wanapokea nini, au majirani kadhaa wakusanye mifuko yao na kumtuma mmoja.

Kwa paka aliyezoea ugali, msaada huu una maana. Mwili wa paka hautengenezi vya kutosha kirutubisho kinachoitwa taurini, ambacho hupatikana kwenye nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na Paul Pion, walionyesha kwamba paka wanaokosa taurini hupata ugonjwa wa moyo, na kwamba wengi hupona wakirudishiwa. Ndiyo sababu watengenezaji huongeza taurini kwenye chakula cha paka. Ndiyo sababu pia chakula cha mbwa hakiwezi kuwa chakula cha paka cha kila siku. Mbwa naye akionja cha paka mara moja hatadhurika sana, lakini kina mafuta na protini nyingi kupita mahitaji yake, na mbwa wengine huugua tumbo au kongosho wakikizoea.

Hata hivyo si kila chakula kinamfaa kila paka. Kabla ya kutoa, mwenye mfuko asome maandishi yake. Chakula cha kawaida cha paka wazima kinaweza kupewa paka yeyote mzima mwenye afya. Chakula cha watoto wa paka kinawafaa pia majike wenye mimba na wanaonyonyesha. Chakula cha tiba, kile kilichoagizwa na daktari kwa ajili ya figo, mkojo au kisukari, ni kama dawa iliyobaki. Cha figo kimepunguzwa protini na fosforasi, na mtoto wa paka akikitegemea hatakua sawasawa. Mfuko wa namna hiyo urudishwe kwa daktari aliyeuagiza, ambaye anaweza kumjua mgonjwa mwingine anayeuhitaji. Daktari huyo awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Kuna mambo machache ya kuzingatia wakati wa kutoa. Chakula kikavu kibaki kwenye mfuko wake wa asili, mdomo ukunjwe na kufungwa vizuri, ili anayepokea aone tarehe ya mwisho na aina ya chakula. Tarehe kilipofunguliwa iandikwe kwa kalamu juu ya mfuko, kwa sababu mfuko uliofunguliwa unafaa kumalizwa ndani ya wiki sita hivi. Mkebe uliofunguliwa ukae kwenye friji na utumike ndani ya siku mbili au tatu. Ukishalala nje usiku kucha, usipewe mtu. Anayetoa aseme ukweli: kwa nini paka wake hakili, na paka huyo alikuwa na ugonjwa gani. Kama paka alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, hasa ule wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa paka, mfuko uliofunguliwa na sahani zake visiende nyumba nyingine. Virusi vya ugonjwa huo vinaweza kukaa kwenye vyombo kwa miezi mingi.

Chakula chenye ukungu, unyevu, wadudu au harufu iliyobadilika kisipewe mnyama yeyote. Wakenya wanakijua kisa cha mahindi ya mwaka 2004, ambapo sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliua watu 125 katika eneo la Mashariki. Sumu hiyo huweza kuota pia kwenye chakula cha wanyama chenye nafaka, na huharibu ini la paka kama la binadamu. Kutoa kitu kilichoharibika si kutoa.

Chakula kilichoharibika kina njia yake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Chakula kitolewe kwenye mfuko na kiwekwe pamoja na taka za jikoni, kifungwe kisifikiwe na mbwa, kisubiri gari la taka. Mwenye shamba anaweza kukifukia, lakini shimo liwe na kina cha nusu mita au zaidi. Mfuko wenyewe uende na plastiki, na mkebe uoshwe upelekwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kisimwagwe Mto Ruiru, Mto Chania wala kwenye mitaro. Kila mfuko unaopata paka wa kuula ni mzigo mmoja pungufu kwenye jaa la Kang'oki.

Huenda mtu akauliza kama ni haki kuzungumzia chakula cha paka wakati kuna watoto wanaolala njaa Kiandutu na kwingineko. Swali hilo ni la haki. Chakula hiki si cha binadamu, na mtoto asipewe. Baada ya kukishika, mikono ioshwe kwa sabuni. Lakini paka anayelinda gunia la mahindi la mama wa sokoni analinda chakula cha watoto pia. Nyumba iliyojifunza kutotupa mfuko wa paka kabla ya kuulizia jirani haitatupa unga wala maharagwe kabla ya kuulizia jirani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzoa taka na pia kazi ya kudhibiti wanyama na kusimamia ustawi wao. Kazi hizo mbili zinakutana kwenye mfuko huu mmoja. Mwenye swali kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kuhasi paka, au mnyama mgonjwa mtaani, afike ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yake. Na mwenye mfuko uliobaki, kabla ya kufungua geti na kuumwaga, abishe kwanza mlango wa jirani aulize: hapa kuna paka?