Mordekai Alipita Kila Siku

Somo: Esta 2:5–11

Nawasalimu ninyi mnaojitayarisha kwenda kuchuma chai kabla ya jua kupanda, na ninyi mlio jikoni mkiwasha moto, hapa Kericho na kule Bomet, na popote sauti hii inapofika.

Habari ya Esta twaijua. Alifiwa na baba na mama, na Mordekai, jamaa yake, akamtwaa akamlea kama binti yake wa kumzaa. Mara nyingi sisi wahubiri tukifika hapo twamsifu Mordekai, kisha twafunga kitabu. Lakini leo nawaomba tusogee hadi mstari wa 11. Esta amekwisha kuchukuliwa kwenda katika nyumba ya mfalme. Amekuwa msichana mkubwa, anakula vizuri, anavaa vizuri. Mordekai angeweza kukaa nyumbani na kusema, "Kazi yangu imekwisha." Hakusema hivyo. Biblia yatuambia kwamba siku baada ya siku alikwenda hadi nje ya ua ule kuulizia hali ya mtoto wake.

Ndugu msikilizaji, kumtwaa mtoto ni kazi ya siku moja. Kupita kila siku kuuliza hali yake ni kazi ya miaka mingi. Wahenga walisema kwamba kubeba mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nami naongeza kwamba kwa mtoto aliyeasiliwa, mkono mmoja hautoshi kumlea.

Jambo hili latuhusu sisi wakristo wa Kenya kwa namna ya pekee. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 10 wa kuwatoa watoto katika makao ya watoto na kuwarudisha katika familia. Mwaka huo huo ilitoka Sheria mpya ya Watoto. Basi watoto hawa watakuja katika nyumba zetu na katika viti vya makanisa yetu. Siku mtoto anapoletwa, sisi huimba na kupiga makofi, na Umoja wa Kina Mama huleta blanketi na unga. Je, miezi sita baadaye, ni nani apitaye mlangoni pake?

Kwanza, tuulize habari za shule. Mama mmoja mchuma chai alimlea mvulana wa jirani yake aliyefariki. Alimlea vizuri, kwa mshahara mmoja, hata mtoto akafika wakati wa kuandikishwa kwa mtihani. Shule ikataka cheti cha kuzaliwa. Hakikuwapo. Mama akaomba basari, na fomu ikataka cheti cha kifo cha mzazi. Nacho hakikuwapo. Mama huyu alikuwa na upendo mwingi, lakini hakuwa na karatasi hata moja, wala hakuwa na mtu wa kumwambia mapema aende kwa chifu na kwa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Na kanisani kwake walikuwapo walimu watatu na karani mmoja!

Basi karatasi nazo ni sehemu ya malezi. Anayetaka kuasili mtoto aanze kwa afisa wa watoto au kwa shirika lililoruhusiwa na sheria, siyo kwa mtu wa kando anayedai fedha. Aliyeokota mtoto apige ripoti polisi, asimfiche. Mtoto hukaa na walezi miezi 3 mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani. Mahakama ikitoa amri, mtoto huandikwa katika daftari la watoto walioasiliwa, na nakala yake humfaa kama cheti cha kuzaliwa. Aliye kazini ajue kwamba, tangu sheria ya ajira iliporekebishwa mwaka 2021, anayeasili mtoto ana haki ya likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili. Nanyi wenye mashamba madogo ya chai, bonasi ikifika, kabla haijaliwa yote, wekeni kando karo ya Januari. Mtoto wa kuasili asiwe wa kwanza kurudishwa nyumbani karo inapopungua.

Pili, tuulize habari za afya. Mtoto aliyezaliwa nyumbani mwako unajua alizaliwa namna gani na amepewa chanjo zipi. Huyu hujui. Kwa hiyo mpeleke kliniki mapema, iwe ni Kericho, au Litein, au Tenwek, au zahanati iliyo karibu nawe, na umwambie muuguzi kweli yote: kwamba mtoto ni wa kuasili, na kwamba habari za wazazi wake huzijui. Usione haya. Muuguzi akidanganywa, atatibu kwa kubahatisha. Mwandikishe pia katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, awe miongoni mwa wategemezi wako kama wengine.

Tena kuna ugonjwa usioonekana kwa macho. Mtoto aliyewahi kuachwa aweza kuficha ugali chini ya godoro ingawa chungu kimejaa. Aweza kukojoa kitandani akiwa na miaka 9. Aweza kulia kila unapochukua kikapu kwenda shambani, kwa maana aliyemwacha kwanza naye aliondoka asubuhi. Majirani husema, "Mtoto huyu ana tabia mbaya, ameitoa kwao." Sivyo, wapendwa. Ni jeraha. Mtoto wa namna hiyo hahitaji fimbo. Ahitaji kukuona ukirudi jioni, na kesho yake ukirudi tena, hata moyo wake uamini kwamba wewe hurudi.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, tuulize habari za ukoo. Wazee wa Kipsigis walipompa mtoto jina, waliita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, hata mtoto akapiga chafya, nao wakajua jina limepatikana. Ilikuwa njia ya kumwambia mtoto, "Wewe ni wetu, una watu nyuma yako." Ndiyo maana wengine huuliza kwa mashaka, "Huyu aliyeokotwa, tumwite kwa jina la nani?" Na shamba likianza kugawanywa, swali hilo huwa kali kuliko panga.

Sheria imekwisha kujibu. Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama ana haki sawa na aliyezaliwa nyumbani humo, hata katika urithi. Bali yule aliyelelewa tu bila amri hiyo huenda siku moja akalazimika kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba marehemu alimhesabu kuwa mwanawe. Baba, usimwachie mtoto kesi. Tengeneza mambo ungali hai, ukiwaita ndugu zako wasikie kwa masikio yao.

Lakini hakimu hawezi kumlazimisha shangazi ampende mtoto. Hawezi kumwamuru babu amweke mapajani. Hapo kanisa ndilo linaloitwa. Mtoto huyu alipobatizwa, tulimwita kwa jina mbele za Mungu, na ninyi nyote mlisimama mkampokea. Basi ninyi ni ukoo wake. Wanaume wa KAMA, hao ndio wajomba zake. Kina mama wa Umoja, hao ndio shangazi zake. Mwalimu wa Shule ya Jumapili asimwite "yule wa kuokotwa" hata kwa mzaha.

Huenda mzazi msikilizaji anajiuliza, "Je, nimwambie mtoto kwamba sikumzaa?" Tumtazame tena Mordekai. Kulikuwa na wakati alimwambia Esta asitangaze kabila lake, kwa kuwa palikuwa na hatari. Lakini Esta mwenyewe hakufichwa alikotoka. Alijua watu wake ni akina nani, na siku ya taabu ujuzi huo ndio uliomtia nguvu akasimama mbele ya mfalme. Basi jirani si lazima ajue kila kitu. Mtoto na ajue, na ajue kutoka kinywani mwako, kwa upole, tangu angali mdogo, kabla hajatupiwa habari hiyo kisimani na mtu mwenye hasira.

Wapenzi, tusione kama tunawafanyia watoto hawa hisani. Mtume Paulo awaambia Warumi kwamba sisi sote tuliingia katika nyumba ya Mungu kwa kufanywa wana. Hata Bwana Yesu, katika mwili, alipewa jina na Yusufu seremala, aliyempokea mtoto asiye wa damu yake, akamkimbiza Misri usiku na kumfundisha kazi. Mkristo hawezi kusema damu ndiyo yote, kwa sababu yeye mwenyewe amepokelewa.

Basi wiki hii nakupa kazi moja. Itaje kwa jina nyumba moja ya jirani inayolea mtoto wasiyemzaa. Pita hapo. Usiende na hotuba. Uliza: Je, karo imepatikana? Kadi ya kliniki iko? Mama amelala usiku? Kisha, wiki ijayo, pita tena.

Tuombe. Ee Baba, uliyetufanya wana tusiostahili, wakumbuke watoto wote waliopokelewa katika nyumba zetu. Wape walezi wao nguvu wanapochoka. Ututoe sisi vitini mwetu, tuwe watu wa kupita kila siku. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.